Simu Inayolia Si Ushahidi

Saa mbili na nusu asubuhi, chumba cha mitambo cha hospitali moja kubwa ya Dar es Salaam kilikuwa kimejaa watu wenye furaha. Mtambo mpya wa simu ulikuwa umewashwa tangu juzi yake. Ekstensheni 400 zilikuwa zimepangwa, taa za kijani zilimetameta kwenye raki, na msimamizi wa mkandarasi alikuwa ameshika kalamu na hati ya makabidhiano. Alinyanyua mkono wa simu, akabonyeza namba nne, na simu ya mapokezi ikaita ghorofa ya chini. Ikapokelewa. Sauti ilikuwa safi. "Unaona, mzee?" akasema. "Kila kitu kinafanya kazi."

Mzee aliyeambiwa maneno hayo hakuitazama simu. Alikuwa anatazama dari. Aliomba vitu vitatu: ngazi, tochi na michoro. Halafu akasema kwa upole maneno ambayo sijayasahau hadi leo: "Simu inayolia si ushahidi, mwanangu. Inasema tu kwamba leo ni nzima. Mimi nimeitwa kuulizia siku itakayonyamaza."

Nilikuwa nimeomba ruhusa ya kumfuata kwa siku zote tatu za ukaguzi, kwa sababu nimetumia simu za ofisini miaka mingi bila kujua ni nani aliyezipitisha. Mzee huyu alijifunza kazi miaka ya 1980 katika Shirika la Posta na Simu Tanzania, kabla halijagawanywa mwaka 1994 na upande wa simu kuwa TTCL. Amestaafu, lakini wenye majengo makubwa bado humwita kabla hawajamlipa mkandarasi. Nilitarajia kumwona mtu wa kutafuta makosa ya wenzake. Niliyemwona ni mtu anayejua jinsi kila kifaa kinavyokufa, na anayekwenda kukiuliza mapema kitakufaje.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Yeye alianzia nyuma ya nyumba, pale bomba linaloleta kebo kutoka barabarani linapopenya ukuta. Alipiga magoti, akamulika, akaingiza vidole. Bomba halikuwa limezibwa. Likiachwa hivyo, maji ya masika hufuata kebo hadi ndani, na panya hupita njia hiyohiyo. Pwani kuna adui mwingine, hewa yenye chumvi, ambayo huifunika shaba iliyo wazi kwa unga wa kijani. Alitoa daftari akaandika: "Moja. Bomba lizibwe." Mwandiko wake ni mkubwa na uliokolea, kama wa mwalimu wa darasa la kwanza.

Kutoka hapo kebo hupanda hadi kwenye fremu kuu ya kugawia laini, ambayo mafundi wote huiita MDF. Upande mmoja wa fremu hupokea nyaya zinazotoka kwenye mtambo. Upande wa pili hupokea zinazokwenda vyumbani. Katikati hupita jampa, nyaya nyembamba zinazounganisha namba na chumba. Daktari akihama ofisi, hakuna ukuta unaobomolewa. Jampa moja inahamishwa, na namba yake inamfuata. Wazo hili ni kongwe kuliko kompyuta, na bado linafanya kazi yake.

Fundi aliyefunga fremu ile alikuwa binti wa miaka kama 25, amesimama pembeni na mikono nyuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pea ya 17 ina rangi gani?"

"Manjano na machungwa."

"Ya 8?"

"Nyekundu na kijani."

"Ya 25?"

"Zambarau na kijivu."

Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. Rangi za kebo ya simu ni alfabeti, na alitaka kujua kama yule binti anaisoma au ameikariri kwa siku moja. Rangi tano za kwanza ni nyeupe, nyekundu, nyeusi, manjano na zambarau. Tano za pili ni buluu, machungwa, kijani, kahawia na kijivu. Kila rangi ya kundi la kwanza hupewa zamu na kila rangi ya kundi la pili, na tano mara tano ni pea 25. Nyeupe hushika pea ya 1 hadi ya 5, nyekundu ya 6 hadi ya 10, na kuendelea hivyo. Kebo ya pea 100 huwa na mafungu manne ya namna hiyo, kila fungu limezungushiwa uzi wa rangi kwa mpangilio uleule. Anayeijua alfabeti hii anaweza kuifungua kebo ambayo hajawahi kuiona, iliyofungwa na fundi aliyekwisha kufariki, na akaisoma.

Kisha mzee alisogea karibu kabisa na fremu, nami nikasogea naye, hadi pua zetu zikawa shubiri moja kutoka kwenye vipande vyeupe vya Krone. Kila kipande hubeba pea 10. Kila waya umelala kati ya meno mawili ya chuma yaliyopakwa fedha, yamesimama kwa mshazari wa nyuzi 45. Jina la mfumo huu, LSA, limetokana na maneno ya Kijerumani yenye maana ya bila kuchomea, bila skrubu, bila kumenya. Fundi huuweka waya na ganda lake juu ya mdomo wa meno, anasukuma kwa chombo maalumu, na chombo kinalia tak! Kwa pigo hilo moja meno yanapasua ganda na kuuma shaba, na mkasi mdogo unakata ncha iliyozidi. Chuma kilichopindishwa hutaka kurudi kilipokuwa, na kwa kutaka kurudi huendelea kuibana shaba miaka na miaka.

Mzee alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya ncha zilizokatwa, safu moja baada ya nyingine, taratibu, kama anayehesabu tasbihi. Safu ya kwanza hadi ya nane ukucha uliteleza bila kukwama. Safu ya tisa ulikwama mara mbili. Aliwasha tochi. Nyaya mbili zilikuwa zimesukumwa kwa bisibisi. Mkia wa kila moja ulibaki nje, na meno yalikuwa yamepanuka kidogo. Simu za nyaya hizo zilikuwa zinalia kama nyingine zote. Lakini meno yaliyopanuliwa hayabani tena. Unyevu ukiingia misimu miwili, laini itaanza kukwaruza, kisha itakatika wakati wa joto na kurudi wakati wa baridi, na fundi atakayeitwa atakuta inafanya kazi na kuondoka.

"Si mkono wangu, baba," binti alisema kwa sauti ndogo.

"Najua. Mkono wako nimeusoma safu nane nzima. Huyu ni mtu mwingine, na alikuwa na haraka."

Sikujua mpaka siku ile kwamba fundi ana mwandiko. Binti alijua, na niliona jinsi alivyosimama wima baada ya kuambiwa hivyo.

Kosa lililonifundisha zaidi lilikuwa limejificha kuliko hilo. Nyaya mbili za pea moja husokotwa pamoja, na Alexander Graham Bell alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1881. Zikisokotwa, kelele yoyote inayotoka nje huzipiga zote mbili kwa kiasi kilekile na kufutana. Kila pea husokotwa kwa kasi yake, ili pea jirani zisisikilizane. Sasa chukua fundi aliyechoka, aliyechanganya waya mweupe wa pea moja na mweupe wa pea ya pili, na akarudia kosa hilohilo upande wa pili wa kebo. Ukipima kwa mita, umeme unapita sawasawa. Simu inalia. Lakini msokoto umevunjwa, na mazungumzo ya laini moja yanasikika kwa mbali katika laini nyingine.

Mzee hakutumia mita kulitafuta kosa hilo. Alichomeka simu yake ya majaribio kwenye laini moja, akamwomba binti azungumze mfululizo katika laini ya jirani, akafumba macho. Alisikiliza pea 40 za kebo ya wodi ya wazazi kwa njia hiyo, dakika moja kila pea. Katika pea ya 31 alinyoosha mkono. Alinipa simu. Kwanza sikusikia kitu. Kisha, kama mtu anayeongea chumba cha tatu, nikamsikia binti akihesabu: arobaini na moja, arobaini na mbili. Hospitalini hilo si kero ndogo. Ni siri ya mgonjwa inayovuja kwenye sikio la mtu asiyehusika.

Kebo zinazopanda ghorofani alizigusa kwa kiganja. Vifungo vya plastiki vilivyokazwa hadi kuacha alama kwenye ganda la nje aliviagiza vikatwe, kwa sababu kebo ya mtandao ikibanwa, mpangilio wa pea zake ndani hubadilika. Pembeni mwa begi lake ana kibonge cha uzi bapa uliopakwa nta, ambao mafundi wa zamani waliufungia kebo kwa mafundo yaliyopangwa kwa nafasi sawa. Alimwonyesha binti fundo lake mara tatu. Mara ya nne binti alilifunga mwenyewe. Fundo lile hushika bila kubana.

Mchana tulihamia kwenye laini za nje. Ekstensheni 400 hazihitaji laini 400 za kwenda mjini, maana watu wote hawapigi kwa wakati mmoja. Aliyelifanya jambo hilo kuwa hesabu ni Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Katika maandishi yake ya mwaka 1909 na 1917 alionyesha jinsi ya kukokotoa laini zinazotosha. Kwa hesabu yake, njia 30 hubeba wastani wa mazungumzo 20 yanayoendelea kwa pamoja, na ni simu moja tu katika mia itakayokuta njia zote zimejaa. Kipimo cha msongamano wa simu hadi leo kinaitwa erlang.

Hospitali ilikuwa imekodi mkondo mmoja wa kidijitali wenye njia 30, ule mafundi wanaouita E1. Msimamizi alipiga simu ya mkononi kutoka simu ya mezani mara tano, na zote tano zilipita. Mzee alisema asante, akavuta kiti, akaamuru mtambo uzifunge njia zote isipokuwa ya kwanza. Akapiga. Akafunga ya kwanza, akafungua ya pili. Akapiga. Alifanya hivyo mara 30, kila mara akisikiliza sauti ya kwenda na ya kurudi. Ilimchukua karibu saa moja na nusu. Njia ya 22 ilikuwa bubu: simu iliunganishwa, lakini hakuna aliyemsikia mwenzake.

Fikiria njia hiyo ingeachwa. Mtambo huu huanza kutafuta njia iliyo wazi kutoka ya kwanza kwenda juu, kwa hiyo ni siku za msongamano tu ndipo ungeifikia ya 22. Mpigaji angesema "haloo, haloo", angekata, angepiga tena na kupata. Angelaumu mtandao. Miaka ingepita bila mtu kuandika malalamiko hata mara moja, na siku yenye ajali kubwa barabarani, siku ambayo njia zote zinahitajika, simu zingekuwa zinatumbukia kwenye shimo lile. Uvumilivu wa saa moja na nusu ndio uliolifukua.

Siku ya pili ilikuwa ya simu za mtandao zilizowekwa ofisini na maabara. Ndani ya simu hizi sauti hupimwa mara 8,000 kila sekunde, vipimo hivyo hufungwa katika vifurushi, na vifurushi hupita kwenye nyaya zilezile zinazobeba barua pepe na picha za eksirei. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano unapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili. Ikichelewa sana, wazungumzaji huanza kukatizana, kila mmoja akidhani mwenzake amenyamaza.

Mzee alikwisha kuhakikisha kwamba hakuna waya wa ukutani unaozidi mita 90, na kwamba kwenye ncha za kebo msokoto haukufumuliwa zaidi ya milimita 13. Hayo ni ya rula na kifaa cha kupimia. Jaribio lake lenyewe lilikuwa rahisi zaidi. Alimwomba mtaalamu wa kompyuta aanze kunakili mafaili makubwa kutoka seva moja kwenda nyingine, kwa kompyuta nane kwa pamoja, mpaka mtandao ukajaa. Ndipo akapiga simu maabara. Sauti ikawa inakatikakatika kama redio ya kijijini wakati wa mvua. Swichi ya ghorofa ya pili haikuwa imeelekezwa kuvipa vifurushi vya sauti nafasi ya kwanza. Barabara ilikuwa pana, lakini hakuna aliyewaambia madereva wapishe gari la wagonjwa. Mtaalamu alirekebisha maelekezo, mafaili yakaendelea kunakiliwa, na sauti ikarudi kuwa safi katikati ya msongamano uleule.

Kisha akaketi kwenye dawati la mapokezi na kubonyeza 112, namba ya dharura ya polisi. Kimya. Hakuna mlio, hakuna kosa lililotangazwa, ni kimya tu. Ofisi za jengo jipya zilikuwa zimepewa ekstensheni kuanzia 1120 hadi 1129, na mtambo uliposikia 112 ulikaa ukisubiri tarakimu ya nne. Msimamizi alieleza kwamba anayetaka namba ya nje huanza na 9. Mzee hakumgombeza. Alimsimulia jambo lililotokea Marekani.

Mwezi Desemba 2013, katika hoteli ya barabarani mjini Marshall, Texas, mama mmoja alishambuliwa chumbani, na binti yake wa miaka tisa akapiga 911 kama alivyofundishwa. Alipiga mara nne. Simu haikwenda, kwa sababu mtambo wa hoteli ulitaka kwanza 9. Mama alifariki. Mwaka 2018 Marekani ilipitisha sheria inayobeba jina la mama huyo, Sheria ya Kari, inayotaka mitambo ya namna hii iruhusu namba ya dharura kupigwa moja kwa moja.

"Mtoto hakukosea," mzee alisema. "Aliyekosea ni aliyepanga namba, na aliyekuja kukagua akasahau kupiga." Jioni ile ekstensheni zile kumi zilihamishwa. Akabonyeza tena 112, bila 9, kutoka simu 12 za ghorofa tofauti. Kila mara alijitambulisha kwa upole, akaeleza kuwa ni majaribio, akaomba radhi na kushukuru.

Siku ya tatu ilikuwa ya umeme, na ndiyo aliyoisubiri kuliko zote. Mitambo mikubwa ya simu hutumia umeme wa betri wa volti 48, na upande chanya ndio unaofungwa ardhini, ili umeme ukivuja kwenye unyevu usiile shaba ya laini. Ethi yenyewe, yaani kiungo hicho cha ardhini, aliipima nje, juani. Alipigilia vijiti viwili vya chuma ardhini kwa mstari mmoja, kile cha kati kwenye asilimia 62 ya umbali wa kile cha mbali, akaunganisha mita. Mkataba ulitaka omu 5 au pungufu, naye akapata omu 3. Akarudi ndani na kuangalia laini moja ambayo wengine huisahau, inayokwenda kibanda cha mlinzi getini. Laini yoyote inayotoka nje ya jengo inaweza kuleta radi ndani, na hiyo haikuwa na kinga. Akaandika.

Halafu betri. Zilikuwa nne, za volti 12 kila moja. Mita ilionyesha volti 54, na msimamizi alitabasamu, maana ndivyo vitabu vinavyosema. Mzee alimweleza kwamba volti hizo ni za chaja. Chaja ikiwa imewashwa, betri nzima na betri mbovu huonekana sawa, kama vile mtu anayeegemea ukuta huonekana amesimama. Mtambo wa zamani ulikuwa bado unahudumia wodi zote, hivyo hakuna mgonjwa ambaye angepata hasara. Mzee alimwomba fundi umeme akate swichi kuu ya chumba kile.

Feni zilinyamaza. Taa za dari zilizimika. Taa za kijani kwenye raki ziliendelea kumetameta, na watu wakapumua. Yeye alikuwa amekwisha kuinama juu ya betri, anapima moja moja na kuandika kila baada ya dakika 10. Tatu zilishuka polepole na kutulia karibu na volti 12.4. Ya nne ilifika 10.9 kabla ya dakika 20. Kwa jumla bado zilitoa volti 48, na simu zilifanya kazi vizuri kabisa. Mkataba ulitaka mtambo uishi kwa betri kwa muda wa saa 4. Hakuna aliyeruhusiwa kuwasha umeme. Tulikaa gizani, tukisikiliza. Baada ya saa 1 na dakika 50 taa za raki zilizimika zote kwa pamoja, na kimya kilichofuata kilikuwa kizito. Nadhani ni wakati ule msimamizi alipoelewa. Betri ile moja ilikuwa imekaa ghalani muda mrefu bila kuchajiwa. Chumba nacho kilikuwa na joto, na betri za aina hii hupoteza karibu nusu ya maisha yake joto likizidi kwa nyuzi 10.

Kazi ya mwisho ilikuwa ya karatasi, na aliifanya kwa uangalifu uleule. Alimwomba mhudumu wa usafi, mtu asiyejua chochote kuhusu simu, amtajie namba 20 zozote kati ya 1 na 400. Kwa namba hizo binti alitakiwa kutoka kwenye fremu hadi kwenye soketi ya chumbani kwa kufuata lebo peke yake, bila kumuuliza mtu. Alifika 18. Lebo mbili zilikuwa zimebadilishana. Nilimuuliza mzee kwa nini jambo dogo kama hilo linamchukua nusu siku. Alinijibu kwamba miaka kumi kutoka sasa, saa nane za usiku, simu ya chumba cha upasuaji itakatika, na fundi asiyemjua yeyote kati yetu atafungua kabati hili. "Huyo ndiye ninayemfanyia kazi," alisema. "Lebo ni salamu yangu kwake."

Daftari lilifungwa likiwa na mambo 14. Hakuna hata moja kati ya hayo 14 lililokuwa limezuia simu kulia asubuhi ya kwanza. Nimelitafakari hilo mara nyingi. Tumezoea kumsifu anayejenga na anayetengeneza, na ni haki yao. Lakini kuna ufundi wa kuona kilichoharibika kabla hakijaharibika, na wenye ufundi huo hatuwajui, kwa sababu matunda ya kazi yao ni mambo ambayo hayakutokea. Hakuna anayeandika habari ya siri ambayo haikuvuja, au ya simu iliyopita kwenye njia ya 22 usiku wa ajali.

Mzee alirudi baada ya wiki mbili. Alipitisha ukucha kwenye safu ya tisa, akasikiliza pea ya 31, akapiga njia ya 22, akabonyeza 112, akaona kinga ya laini ya getini, akakata umeme. Mtambo uliishi muda wa saa 4 na dakika 40. Ndipo akaomba kalamu. Kabla hajaondoka alimwita binti, akampa kile kibonge cha uzi wenye nta.

Nawaomba wakurugenzi, wakuu wa shule, wenye hoteli na wenye hospitali watakaosoma haya: mkipokea mtambo wowote, msiridhike kwa kuonyeshwa kwamba unawaka. Mpeni mkaguzi siku zake zote bila kumhimiza, na mruhusuni auzime. Kisha nyanyueni simu ya mezani iliyo karibu nanyi, mhakikishe kuwa mtoto wa miaka tisa angeweza kuitumia kuomba msaada.